Karagita Bila Upweke: Vidokezo 6 vya Kujiundia Jamaa Mpya

Kazi ya maua Naivasha umepata, keja Karagita umepata. Watu je? Usijali! Ploti yako imejaa wageni kama wewe: huyu katoka Kakamega, yule Kisii, mwingine Homa Bay, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Basi anza wewe.

1. Kaeni karibu, si chumba kimoja
Kubanana na rafiki hupunguza kodi na kuongeza ugomvi. Tafuteni vyumba viwili vitatu katika ploti moja, kila mtu na mlango wake. Siri ni hii: mzoeeni keateka. Anajua nani anahama mwisho wa mwezi kabla hata landilodi hajasikia.

2. Sufuria moja kwa wiki
Chagueni siku ambayo wengi mko ofu. Mmoja alete unga, mwingine sukuma, mwingine omena. Aliyepika haoshi vyombo, na hapo hakuna rufaa! Mtu akichelewa, msimngoje. Wiki ijayo atawahi mwenyewe.

3. Maji ni ya wote
Visima vingi vya Naivasha vina floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuiondoi. Changeni mnunue maji ya kunywa yaliyochujwa floraidi, kisha mpange zamu ya kuyabeba. Ukibebewa mtungi Jumanne, Alhamisi utamsalimia jirani kwa jina.

4. Chama kabla ya shida
Anzeni na kiasi ambacho hata mwenye mshahara mdogo hatakosa, na mchange siku ileile mshahara unapoingia. Tengeni mafungu mawili: la mzunguko na la dharura. Mmoja atunze pesa, mwingine aandike daftari, na daftari lisomwe mbele ya wote. Mkifika kumi, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii mkajisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Cheti cha usajili kitawasaidia kufungua akaunti ya benki.

5. Februari ina wenyewe
Unajua mambo ya Valentine: waridi linakimbizwa Ulaya kabla ya tarehe 14, ovataimu haiishi, na nyumbani unafika usiku. Kaeni kikao Januari. Nani atawapokea watoto kutoka shule? Nani atapika siku gani? Wapenzi wa Ulaya wapate maua, nawe upate ugali wa moto!

6. Usikusanye watu wa kwenu tu
Kuongea kilugha ni raha, hatukatai. Lakini Naivasha haijasahau Januari 2008, majirani walipogeukiana baada ya uchaguzi. Wekeni sharti jepesi: kila mwanachama alete mtu mmoja asiyetoka kwao wala idara yake kazini. Vikao viwe kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kutafsiriwa vicheko. Mkitaka kuzoeana haraka, kodini baiskeli mwende Hell's Gate, mbuga ambayo wageni wanaruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli. Hakuna anayejifanya mkubwa akisukuma baiskeli mlimani!

Mambo sita ni mengi kwa mara moja? Chukua la sufuria. Jioni hii bisha mlango wa pili, jitambulishe, umuulize jirani yuko ofu lini. Unga utapatikana.