Hospitali ya Daktari Atiman

Mji wa Sumbawanga uko katika nchi ya juu ya Ufipa, mahali pa baridi na upepo mwingi. Katika mji huo iko hospitali ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga, nayo huitwa Hospitali ya Daktari Atiman. Jina hilo si la Kifipa, wala si la Mzungu. Ni jina la mtoto aliyetiwa utumwani.

Adrien Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa angali mdogo aliibwa kwao, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtia shuleni. Mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, aliona ya kuwa Waafrika wataponywa vema na Waafrika wenzao. Kwa hiyo mwaka 1881 Atiman na vijana wengine waliokombolewa walipelekwa kisiwani Malta kusoma udaktari.

Alipokwisha kufuzu mwaka 1888, alikuja Afrika ya Mashariki. Siku zile haikuwako reli ya kwenda bara; alisafiri na msafara, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Alikuwa mgeni, lugha ya wenyeji hakuijua. Maradhi yalikuwa mengi: vidonda, homa, na baadaye malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Hata elimu aliyopata Malta haikutosha. Homa ya malaria aliijua, lakini njia ya kuenea kwake haikujulikana bado. Ni mwaka 1897 ndipo Ronald Ross alipoviona vijidudu vyake ndani ya mbu. Basi mwenye cheti alikuwa bado mwanafunzi.

Atiman hakuondoka. Alioa hukohuko, na mwanawe Joseph akawa padre mwaka 1923. Wazee aliowatibu walikufa, naye akawatibu wajukuu wao. Alifariki mwaka 1956, akiwa ametumika Karema miaka 67, akazikwa hapo.

Leo, mama wa Ufipa akipeleka mtoto wake mwenye homa katika hospitali ile ya Sumbawanga, hutaja jina la Atiman, pengine asijue habari zake. Yafaa azijue. Nyumba ya kuta na vitanda hujengwa kwa fedha. Lakini mgonjwa huamka usiku akihitaji mtu aliyekubali kukaa. Atiman alichukuliwa kwao pasipo kuulizwa. Lakini kwa watu wa Karema alikaa kwa hiari yake.

Maswali

1. Kwa nini Atiman alipelekwa Malta?
2. Ni jambo gani juu ya malaria lililokuwa halijajulikana mwaka 1889?
3. Eleza maana ya maneno haya: “mwenye cheti alikuwa bado mwanafunzi.”
4. Ukisoma kazi fulani, je, utaitumia wapi, na kwa nini?