Masomo ya Jioni kwa Watoto wa Wageni Mtaani

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini siku hizi mgeni akija, mwenyeji badala ya kupona humcheka. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Katika makala haya nitaeleza ni kwa nini watoto wa wahamiaji wenye kipato kidogo huachwa nyuma shuleni, na jinsi sisi wanafunzi wa shule za kutwa tunavyoweza kuwasaidia jioni.

Kwanza tujiulize, wageni hawa ni nani? Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kumekuwa na vita vya mara kwa mara tangu mwaka wa 1996, na mapema mwaka wa 2025 waasi wa M23 waliiteka miji ya Goma na Bukavu. Baadhi ya waliokimbia miaka hiyo yote wamefika hapa Nairobi, wakapanga vyumba katika mitaa kama Kayole, Umoja na Kasarani. Wazazi wengi huishi kwa biashara ya kijungu jiko: kuchuuza vitenge mlango hadi mlango, au kusuka nywele. Watoto wao wana haki ya kusoma. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haisemi kila Mkenya, yasema kila mtoto.

Hata hivyo, kuingia darasani ni jambo moja na kuelewa ni jingine. Katika ploti yetu kuna mvulana wa miaka kumi na miwili aliyetoka Bukavu. Kwao alikuwa darasa la sita. Hapa alitiwa gredi ya nne kwa kuwa hakujua Kiingereza, akawa anaketi na watoto wa miaka tisa. Muhula ulipokwisha, mama yake alisema kichwa cha mtoto ni kigumu, heri aache shule amsaidie kubeba vitenge. Je, kweli kichwa kilikuwa kigumu? Hebu tutazame mafundo matatu.

Fundo la kwanza ni lugha. Siku ya kwanza kijana huyu aliniita "yaya". Ploti nzima ikaangua kicheko nami nikakasirika, manake kwetu yaya ni mtu wa kuajiriwa kulea watoto. Kumbe kwao yaya ni ndugu mkubwa! Alikuwa ananipa heshima, sisi tukamcheka. Vilevile husema "batoto" na "bintu" badala ya watoto na vitu. Hayo si makosa ya mtu asiyejua, ni Kiswahili cha kwao chenye utaratibu wake. Lakini baada ya kuchekwa mara mbili tatu, alinyamaza kabisa darasani, na mtoto asiyeuliza hawezi kusaidiwa.

Fundo la pili ni hesabu. Wengi hudhani hesabu ni moja duniani kote. Sivyo. Kwao, kwa kufuata Kifaransa, nukta ya desimali huandikwa kwa koma. Akigawa 7 kwa 2 huandika 3,5. Tena kwake kilo 2,500 ni kilo mbili na nusu, hali kwetu ni kilo elfu mbili na mia tano! Hata kugawanya wanakupanga tofauti. Akigawa 96 kwa 4, huandika 4 upande wa kulia, na jibu 24 huliweka chini ya hiyo 4. Sisi huweka 4 kushoto na jibu juu. Nilipofungua daftari lake niliona alama nyekundu ukurasa mzima, ilhali majibu mengi yalikuwa sahihi. Mwalimu mwenye darasa kubwa hana nafasi ya kuketi na mtoto mmoja amwulize alifikaje pale.

Fundo la tatu ni nyumbani. Chumba ni kimoja, tokeni za stima huisha, na mama hurudi usiku akiwa hoi. Kiingereza cha kazi ya nyumbani mama hakisomi, ingawa Kifaransa anakijua vizuri.

Je, tufanye nini? Jambo hili si geni duniani. Mwaka wa 1889, huko Chicago, Marekani, Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua nyumba iitwayo Hull House katika mtaa wa wahamiaji maskini kutoka Ulaya. Humo kulikuwa na chekechea, vilabu vya watoto na masomo ya jioni ya watu wazima. Sisi hatuna nyumba. Mimi na wenzangu wawili tuliomba baraza la kanisa, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasorobo, kabla ya giza. Tulijifunza haya:

1. Mwulize mtoto akuonyeshe alivyofundishwa kwao, ndipo umwonyeshe njia ya hapa.
2. Anzeni na kazi aliyopewa shuleni siku hiyo, yaani msianzishe shule nyingine.
3. Awe na daftari la maneno lenye safu tatu: neno la kwao, Kiswahili cha hapa, na Kiingereza.
4. Usimfanyie kazi. Ukimfanyia, kesho atarudi vilevile.
5. Mhusishe mzazi. Mama huyu sasa humpa mwanawe hesabu za bei ya vitenge kila jioni.
6. Usitoze pesa. Huu ni ujirani, si tuisheni.

Sitadanganya kwamba yote yalifaulu. Msichana mmoja wa miaka kumi aliacha kuja baada ya wiki mbili. Tulimwita mvivu, kumbe alikuwa akimlea mdogo wake mama akiwa kazini. Tulipomwambia aje na mtoto, alirudi, na sasa tunapokezana kumbeba. Naam, mimi nimekuwa yaya wa aina zote mbili!

Yule mvulana naye amepandishwa gredi ya tano. Insha za Kiingereza bado zinamtatiza, lakini habari ya kuacha shule haitajwi tena. Nami nimepona: nimeelewa desimali kuliko nilipofundishwa, manake huwezi kumweleza mtu jambo usilolijua.

Wenzangu, watoto sasa ni tisa na sisi walimu ni watatu tu. Ukiwa na saa moja kwa wiki, mwone katibu wa chama akuandike jina. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mtoto ni kalamu, na siku ya tatu imekwisha kufika.