SOMO: Kutafuta Utafiti Wenye Ufadhili na Posho

Vijana wetu wengi hudhani kwamba barua ya kupokelewa chuoni ndiyo ufadhili. Sivyo. Ada, chumba na chakula bado vinahitaji wa kuvilipia. Tusije tukauza shamba la familia kwa sababu ya barua tupu. Tuzingatie haya:

1. Tutafute mradi ambao fedha zake zimekwisha patikana. Uholanzi, Norway na Sweden, nafasi nyingi za shahada ya uzamivu hutangazwa kama ajira, na mwanafunzi hulipwa mshahara.

2. Tumwandikie profesa anayeongoza mradi. Barua iwe fupi, ioneshe kwamba tumesoma kazi zake na tunaweza kusaidia nini.

3. Tuulize kwa maandishi: posho ni kiasi gani, ni ya miaka mingapi, na je, ada, bima ya afya na nauli vimo? Nchini Uingereza, kiwango cha chini cha posho ya UKRI kwa mwaka 2025/26 kiliwekwa pauni 20,780. Tukilinganishe na kodi ya nyumba ya mji husika.

4. Anayedai tumtumie fedha kwanza ili atupe ufadhili, tumkimbie.

Tuulize mapema, majuto ni mjukuu.