Hatua Tano za Kitubio: Tujifunze kutoka Kanada

Masomo: Luka 19:1-10, Mathayo 5:23-24



Vijana wenzangu, kuna swali tunaloulizwa sana siku hizi: kama Kanisa ni takatifu, mbona Papa alikwenda Kanada kuomba msamaha? Wengine huuliza kwa kejeli, wengine kwa uchungu. Mimi naona jibu tunalo tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Unazikumbuka zile hatua za Kitubio? Basi tuzipitie tena.

1. Kutafuta dhambi

Dhambi haiungamwi kwa ujumla-jumla. Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji asilia wa Kanada walipelekwa shule za bweni, wengi bila ridhaa ya wazazi wao. Nia ilikuwa kuwafanya wasahau wao ni nani. Walinyolewa nywele, wakakatazwa lugha za mama zao, wakaadhibiwa walipozitumia. Kulikuwa na njaa, kifua kikuu, vipigo, na unyanyasaji wa kingono. Maelfu walifia huko.

Serikali ndiyo iliyoagiza na kulipia. Lakini walioendesha ni makanisa, na zaidi ya nusu ya shule hizo zilikuwa mikononi mwa Wakatoliki. Mapadre wetu. Masista wetu. Jamani, tusiruke hapo.

Mwaka 2008 Waziri Mkuu aliomba msamaha bungeni, na Tume ya Ukweli na Maridhiano ikaundwa. Ikiongozwa na Murray Sinclair, jaji aliyetoka kwa wenyeji hao, iliwasikiliza maelfu ya waliosoma shule hizo. Mwaka 2015 ikatoa miito 94. Wa 58 ulimtaka Papa aombe msamaha akiwa Kanada kwenyewe.

2. Kujuta

Wajumbe wa wenyeji walipokwenda Vatikani mwaka 2022, chifu mmoja mstaafu alimpa Papa Fransisko viatu vya ngozi vya mtoto, akamwomba avirudishe atakapokuja Kanada. Tarehe 25 Julai mwaka huohuo, pale Maskwacis, Alberta, Papa alivirudisha. Alieleza kwamba vilikuwa vimemtunzia moyoni huzuni, hasira na aibu. Majuto ndiyo hayo: kukaa na kiatu cha mtoto wa mwenzako mpaka kikuume.

3. Kukusudia kuacha

Papa alisema palepale kwamba kuomba msamaha ni mwanzo tu. Machi 2023 Vatikani ikalikataa rasmi lile wazo lililojengwa juu ya barua za mapapa wa karne ya 15, eti Wakristo wakifika nchi ya wengine wanaweza kuitwaa kwa kuwa "wameigundua". Kukusudia kuacha ni kung'oa mzizi, siyo kupogoa matawi.

4. Kuungama

Turudi Maskwacis. Papa aliomba msamaha kwa uovu uliotendwa na Wakristo wengi. Wapo waliolia kwa faraja. Lakini Sinclair alisema kuna pengo: kosa halikuwa la watu mmojammoja tu, Kanisa lenyewe kama taasisi lilihusika. Siku chache baadaye, akiwa ndani ya ndege akirudi Roma, Papa aliulizwa na waandishi wa habari, akakubali kwamba yaliyotendeka ni mauaji ya kimbari. Naona funzo hapa. Ukishaungama, usimkasirikie anayekuambia hujamaliza.

5. Kutimiza malipizi

Zakayo hakuishia kwenye "samahani". Alitaja hesabu. Huwezi kumwibia mtu ng'ombe, ukamwomba radhi, huku maziwa unaendelea kunywa. Maaskofu wa Kanada waliahidi mwaka 2021 kutoa dola milioni 30 kwa miaka mitano, kwa ajili ya uponyaji, lugha na utamaduni wa wenyeji. Wengi wa waliosoma shule zile wanasema bado: wanataka kumbukumbu zote za shule zifunguliwe, wajue watoto wao wamezikwa wapi. Wana haki ya kudai. Na hakuna anayeruhusiwa kuwaambia, "Si mmeshaombwa msamaha, sameheni basi." Malipizi humdai aliyekosa, aliyekosewa tusimharakishe.

Basi jibu la swali letu ni hili: utakatifu wa Kanisa ni wa Kristo, na sisi viungo vyake tunahitaji kitubio. Kanisa linalopiga magoti halijapoteza imani. Linaiishi.

Na kumbuka, Injili haikuhitaji kumvua mtu kabila lake. Mtakatifu Kateri Tekakwitha, aliyefariki mwaka 1680 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2012, alikuwa Mmohawk. Mbinguni hawamwiti jina lingine. Kwa hiyo wewe unayemcheka mwenzako kwa lafudhi ya kwao, au kuona aibu kuongea na bibi yako kwa lugha yake, jiulize roho hiyo umeitoa wapi.

Maswali ya kutafakari

1. Kuna mtu niliyemwomba msamaha, lakini sijamrudishia nilichomnyang'anya?
2. Katika jumuiya yetu, ni nani anayedharauliwa kwa sababu ya asili yake?
3. Wiki hii nitafanya nini, siyo kusema nini?

Tusali

Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Zakayo, ingia na kwetu. Utupe ujasiri wa kuusikia ukweli hata unapotuhusu. Wafariji wote walionyang'anywa utoto wao. Utufundishe kurudisha, siyo kuomba radhi tu. Mtakatifu Kateri, utuombee. Amina.