Tetemeko la Subukia na nyumba zetu za leo

Usiku wa Ijumaa, tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilitikisika Subukia, eneo ambalo sasa liko katika Kaunti ya Nakuru. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa takriban 6.9, na hadi leo ndilo kubwa zaidi kurekodiwa nchini Kenya. Chini ya ukingo wa Laikipia ardhi ilipasuka kwa umbali wa karibu kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita 2.

Kutoka Subukia hadi mjini Kericho ni zaidi ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Wakati huo mashamba makubwa ya chai huku kwetu yalikuwa na miaka michache tu.

Kericho na Bomet ziko kwenye bega la magharibi la Bonde la Ufa. Bonde hilo linaendelea kupanuka, milimita chache kila mwaka. Miamba iliyo chini hukwama, hujikaza kwa miaka mingi, kisha huachia kwa ghafla. Hata udongo mwekundu unaostawisha majani chai yetu umetokana na miamba ya volkano, kazi ya Bonde hilohilo.

Ukubwa wa tetemeko hauhesabiwi kama kilo za majani chai kwenye mizani. Kila nambari moja inapoongezeka, nguvu inayotoka huongezeka takriban mara 32. Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukoba, Tanzania, likaua zaidi ya watu 15 na kubomoa nyumba nyingi, hasa za matofali. La Subukia lilikuwa na nguvu kama mara 32 ya hilo. Mbona basi halikuacha maafa ya kiasi hicho? Mwaka 1928 watu walikuwa wachache, na wengi walilala katika nyumba za miti, udongo na paa la nyasi. Nyumba kama hiyo huyumba, na hata ikianguka haina uzito wa ukuta wa mawe.

Leo tunajenga kwa mawe, tena kwa ghorofa, wakati mwingine kwenye miteremko iliyolowa mvua karibu mwaka mzima. Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Tangu 1973 Kenya imekuwa na kanuni za ujenzi zinazozingatia matetemeko. Kwa nyumba ya kawaida, mwombe fundi aweke mkanda wa zege na vyuma juu ya madirisha, uzunguke nyumba nzima bila kukatika, na asiupunguze ili kuokoa mifuko miwili ya saruji. Aliyekata mteremko kupata kiwanja asiuache ukuta wa udongo wima nyuma ya chumba cha kulala.

Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, jikinge chini ya meza imara, ufunike kichwa, na usikimbilie ngazi. Ukiwa shambani, ondoka karibu na nguzo za umeme na mikaratusi, kisha uchuchumae. Ikitulia, zima jiko la gesi na utoke. Matetemeko madogo hufuata, kwa hivyo usirudi kwenye nyumba iliyopasuka kuchukua godoro.

Na ujumbe wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko lijalo usiusambaze. Hakuna mtaalamu popote duniani awezaye kuijua saa hiyo.