SOMO KWA WANAMICHEZO: MAVAZI YA KUKIMBILIA NJIA ZA MASHAMBA NA MISITU KWA KILA MSIMU

Tarehe 1 Januari imezoeleka Zanzibar kuwa siku ya mazoezi ya viungo. Vikundi vya Unguja na Pemba hutoka alfajiri, na watu wengi ambao hawajapata kukimbia huanza siku hiyo. Ni vyema kukumbuka kwamba siku hiyo huangukia ndani ya Kaskazi, msimu wa joto kali. Baadhi ya wanaoanza huvaa makoti mazito, au hujifunga nailoni tumboni, kwa dhana kwamba jasho jingi ndilo linaloondoa kitambi. Dhana hiyo si sahihi, na yaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Somo hili linaeleza namna ya kuchagua mavazi ya kukimbilia katika njia za mashamba, maweni na misitu, kwa kufuata misimu minne ya visiwa vyetu.

1. JASHO NA KAZI YAKE

Mwili unapokimbia huzalisha joto jingi, na njia yake kubwa ya kulitoa ni jasho. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Lile linalodondoka chini halipozi chochote. Hewa ya visiwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hukauka polepole hata kwa mtu aliyevaa vyema. Aliyejifunga nailoni ameufunga mlango uliobaki. Joto hurundikana ndani, damu hupungua maji, na moyo hufanya kazi kupita kiasi.

Uzito unaopungua kwa njia hiyo ni uzito wa maji, nao hurudi mara mtu anapokunywa. Mafuta ya mwili hutumika kwa kazi ya misuli na kwa kula kwa kiasi, wala hayatoki pamoja na jasho.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ni kwamba nguo ya kukimbilia iwe nyepesi, pana, yenye rangi isiyokoza, na yenye kupitisha upepo. Fulana ya pamba hufaa kwa mwendo mfupi, lakini katika mwendo mrefu hunywa jasho, huwa nzito na huchubua kwapa na mapaja. Kitambaa chepesi cha poliesta hakishiki maji mengi na hukauka upesi. Jezi nyingi za mpira wa miguu zimeshonwa kwa kitambaa hicho, na hupatikana hata katika mitumba kwa bei nafuu. Hakuna haja ya kusubiri nguo ya ghali.

2. KASKAZI (DISEMBA HADI FEBRUARI)

Katika msimu huu mkimbiaji atoke mara baada ya Sala ya Alfajiri, na awe amerejea kabla jua halijapanda. Avae jezi pana na kofia nyepesi yenye ukingo. Achukue maji, khasa anapopita maeneo ya mbali na vijiji.

Msimu huu ardhi ni kavu, na njia za maweni katika upande wa mashariki na kusini mwa Unguja huwakimbiza wengi. Mawe hayo ni makali kama msumeno, na mashimo yake hufichwa na majani. Ndara na makubadhi havifai. Mkimbiaji avae raba zenye soli nene na meno, zilizobana kisigino bila ya kuvibana vidole, pamoja na soksi. Anayepita vichakani avae soksi ndefu au suruali nyepesi, kwa ajili ya miiba na upupu. Aliyechanika kwa jiwe au mwiba aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha afike kituo cha afya kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

3. MASIKA (MACHI HADI MEI)

Koti la mvua la plastiki huzuia mvua, lakini pia huzuia jasho kutoka, na mkimbiaji huishia kulowa kwa ndani. Kwa kuwa mvua ya Masika haina baridi kali, ni bora kuvaa nguo chache zinazokauka upesi, na kofia yenye ukingo ya kuzuia maji yasiingie machoni. Rangi iwe ya kung'ara ili madereva wamwone mkimbiaji anapokata barabara. Radi inaponguruma, mazoezi yaahirishwe.

Udongo wa kinamo, na miteremko ya vilima vya Pemba, huteleza sana wakati huu. Raba zilizokwisha meno zisitumike. Kukimbia miguu mitupu katika udongo wenye unyevu pia kuna hatari, kwani vijidudu vya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Kuhusu vijito na madimbwi, ieleweke kwamba viatu havimkingi mtu na kichocho, kwa sababu maji huingia ndani yake. Mkimbiaji apite darajani au abadilishe njia.

Mara baada ya mazoezi nguo zilizolowa zivuliwe, na mwili ukaushwe vizuri baina ya vidole na mapajani ili kuepuka fangasi. Viatu vijazwe magazeti makavu na kuanikwa penye upepo.

4. KIPUPWE (JUNI HADI AGOSTI)

Huu ndio msimu mwema kuliko yote kwa mbio ndefu. Upepo wa Kusi huvuma na asubuhi huwa na ubaridi. Mkimbiaji aweza kuanza na fulana nyepesi ya mikono mirefu, kisha aivue na kuifunga kiunoni mwili ukishapata moto. Anayehisi baridi kidogo wakati wa kuanza amevaa sawasawa. Anayehisi joto kabla ya kuanza amezidisha.

Wanaovuka kwenda Bara, mathalani milima ya Usambara, watambue kwamba joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Huko wavae nguo juu ya nguo: ya kwanza ya kutoa jasho, ya pili ya kuhifadhi joto, na ya juu ya kuzuia upepo.

5. VULI (OKTOBA HADI DISEMBA)

Mvua za Vuli huja ghafla na kukatika, na jua hurudi likiwa kali. Mavazi yawe yale ya Kaskazi, na viatu viwe vile vya Masika.

6. MAVAZI YA WANAWAKE

Stara na mazoezi havipingani. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mbio za mita 200 katika Michezo ya Asia iliyofanyika Doha mwaka 2006, hali amejistiri kichwa na mwili. Jambo la kuzingatia ni kitambaa na mshono. Suruali pana nyepesi, fulana ndefu ya mikono mirefu inayofika karibu na magoti, na mtandio mwepesi uliobanwa usipeperuke, vinatosha. Sidiria iwe ya kushika vyema. Baibui zito jeusi hunyonya joto la jua, na kanga inayoburura hunasa mitini na kumwangusha mwenyewe.

7. MWEZI WA RAMADHANI

Ramadhani huzunguka katika misimu yote. Anayefunga ni bora akimbie usiku baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha. Avae nguo nyeupe, achukue tochi, na apite njia anayoijua.

8. DALILI ZA HATARI

Mkimbiaji anayeumwa kichwa, anayepata kizunguzungu, kichefuchefu au kukakamaa misuli asimame mara moja, apumzike kivulini na anywe maji. Anayepayuka, kupepesuka au kuzimia yumo katika hatari ya kufa. Apelekwe kivulini, nguo za ziada zivuliwe na zilizobaki zilegezwe, mwili wote umwagiwe maji na apepewe bila ya kusita, huku usafiri wa kumpeleka hospitali ukitafutwa. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Akiwa ni mwanamke, ni vyema ahudumiwe na wanawake wenziwe. Lakini wasipokuwepo, aliye karibu amhudumie kwa heshima wala asichelewe, kwani kuokoa uhai kunatangulia.

Walimu wa michezo wa skuli na viongozi wa vikundi vya mazoezi wanaombwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama wao kabla ya Kaskazi kuanza. Aidha, wanaombwa kutomruhusu mtu yeyote kuingia njiani akiwa amejifunga nailoni au amevaa koti zito, hata kama mwenyewe anadai kuwa amezoea.