Surua, Korona, na Vitamini Iliyo Katika Damu

Surua ni ugonjwa ujulikanao na kila mzazi, na kwa kuwa wajulikana sana, watu wengi huudharau. Kwa sababu ya vipele hudhaniwa kuwa ni ugonjwa wa ngozi, lakini kwa kweli ni ugonjwa unaoingia kwa pumzi. Virusi vyake husafiri hewani pamoja na kikohozi na chafya, na mtoto aliyeambukizwa huanza kukohoa, kutokwa na kamasi na kuwa na macho mekundu siku kadhaa kabla ya vipele kutokea. Wala si vipele vinavyoua. Watoto wengi wafao kwa surua hufa kwa homa ya mapafu, au kwa uvimbe wa koo uzuiao pumzi, au kwa kuhara. Wengine huokoka, lakini macho yao yakapotea.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuviua virusi vyake. Hata hivyo iko vitamini moja ambayo, ikitolewa mapema na kwa kipimo chake, huokoa maisha ya watoto wengi waliokwisha kushikwa na surua. Habari ya vitamini hiyo yafaa ielezwe tangu mwanzo, kwa sababu katika miaka ya korona watu walisikia mengi juu ya vitamini na magonjwa ya mapafu, na si yote yaliyokuwa kweli.

Mwaka 1932 daktari mmjoa wa London, jina lake Ellison, aliwagawanya watoto 600 wagonjwa wa surua katika mafungu mawili. Watoto 300 walitunzwa kwa desturi ya hospitali. Watoto 300 wengine walitunzwa vivyo hivyo, lakini kila siku waliongezewa mafuta yenye vitamini A kwa wingi. Katika fungu la kwanza walikufa 26. Katika fungu la pili walikufa 11. Mtu angetazamia kwamba habari kama hiyo ingepigiwa mbiu ulimwenguni kote. Haikuwa hivyo. Kwa muda wa nusu karne hesabu hizo zililala katika kurasa za gazeti la madaktari, na katika muda huo surua iliendelea kuwazika watoto wa Afrika na Asia kwa maelfu.

Aliyeamsha jambo hilo ni daktari wa macho, Mmarekani aitwaye Alfred Sommer, aliyekuwa akifanya kazi Indonesia. Alikuwa akichunguza watoto wasioona vizuri jioni, hali ambayo ni dalili ya kwanza ya upungufu wa vitamini A, akatambua kwamba watoto hao walikuwa wakifa zaidi kuliko wenzao. Basi likafanywa jaribio katika vijiji 450 vya Aceh. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1986: katika vijiji ambavyo watoto walipewa vitamini A kila baada ya miezi sita, vifo vilipungua kwa kadiri ya theluthi moja.

Baada ya hapo swali likaletwa Afrika ya Mashariki. Katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma nchini Tanzania, watoto 180 wenye surua waligawanywa kwa namna ya kupiga kura, ili pasiwe na upendeleo. Wote walipewa matunzo ya kawaida. Watoto 88 kati yao waliongezewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kufika na kiasi kile kile siku ya pili. Katika hao 88 walikufa 6, na katika 92 wasioongezewa walikufa 12. Hesabu hizo zilitolewa mwaka 1987, na wenyewe walioziandika walikiri kwamba kwa watoto wachache kiasi hicho tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Lakini walipowatazama walio chini ya umri wa miaka miwili peke yao, waliona kifo kimoja katika fungu la vitamini, na vifo saba katika fungu la pili. Hilo lilikuwa gumu kuliita bahati.

Mwaka 1990 yakaja matokeo ya Cape Town, Afrika ya Kusini. Safari hii palikuwa na watoto 189, wote wenye surua kali. Fungu moja lilipewa vitamini A na fungu la pili lilipewa dawa ifananayo nayo lakini haina vitamini ndani yake, wala wauguzi hawakujua nani amepewa ipi. Waliokufa walikuwa 12: wawili wa fungu la vitamini, kumi wa fungu la pili. Waliopata homa ya mapafu katika fungu la vitamini walipona kwa muda wa siku 6 hivi, na wenzao kwa siku 12. Uvimbe wa koo nao ulipungua nusu. Tangu hapo madaktari hawakuwa na shaka tena, na shauri ambalo Shirika la Afya Ulimwenguni na UNICEF walilitoa mwaka 1987, kwamba mgonjwa wa surua katika nchi zenye upungufu apewe vitamini A, lilipata nguvu.

Sasa yafaa kuuliza: vitamini hii hufanya kazi gani? Ndani ya pua, koo, mapafu, matumbo na macho pana ngozi laini yenye unyevunyevu. Unyevu huo hunasa vumbi na vijidudu, na katika njia za pumzi vipo vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufagia uchafu huo kuelekea kooni ili utemwe au umezwe. Vitamini A ndiyo itunzayo ngozi hiyo. Ikipungua, ngozi hukauka na kuwa ngumu, ufagio ule hupotea, na vijidudu vya homa ya mapafu huingia pasipo kuzuiwa. Surua nayo huharibu ngozi ile ile, tena hudhoofisha nguvu za mwili za kupigana na maradhi kwa wiki nyingi baada ya vipele kwisha. Mtoto mwenye akiba ndogo ya vitamini aliyeshikwa na surua ni kama nyumba iliyong'olewa mlango wakati wa wezi. Jicho hupata mapigo hayo hayo: hukauka, kioo chake hufanya kidonda, na kidonda kikitoboka, kuona kumekwisha. Huko Tanzania wataalamu wa macho walieleza pia habari ya dawa za majani zitiwazo machoni mwa watoto wa surua kwa nia njema ya kuwaponya, ambazo huongeza vidonda. Jicho la mtoto wa surua lisitiwe kitu chochote ila kile kilichotolewa na mganga wa hospitali.

Katika Mvumi na katika Cape Town, damu ya watoto ilipimwa walipofika hospitali. Watoto tisa katika kila kumi walikuwa na vitamini A kidogo mno katika damu. Hapo msomaji atasema kwamba watoto hao walikuwa hawali vyema, na yaelekea wengi wao walikuwa hivyo. Lakini wa Cape Town wengi hawakuwa na dalili yoyote ya upungufu kabla ya ugonjwa, na watu wa mji ule hawakujulikana kuwa na upungufu mkubwa. Basi vitamini ilikwenda wapi?

Ini ni ghala ya vitamini A. Ili vitamini itoke ghalani kwenda machoni na mapafuni, lazima ichukuliwe na kitu maalumu kilichotengenezwa na ini lenyewe, mfano wa lori lichukualo magunia. Mtu akiwa na homa kali, ini huacha kutengeneza malori ya kutosha. Ukisimama barabarani wakati huo utaona malori machache sana, lakini hutajua kama ghala ni tupu au kama ni malori yaliyokosekana. Tena katika homa vitamini nyingine hupotea kwa mkojo, na kwa kuwa mtoto haharishi tu bali hakuli pia, hakuna mzigo mpya uingiao. Kwa hiyo kipimo cha damu ya mgonjwa huchanganya mambo mawili: njaa ya zamani na ugonjwa wa leo. Peke yake hakiwezi kusema kama vitamini itamponya.

Hili si neno la kupita. Yako maradhi mengine ya pumzi ambayo damu ya mgonjwa huonyesha upungufu vile vile. Kirusi kiitwacho RSV huwashika watoto wachanga na kuwafanya wapumue kwa shida, na damu yao ilipopimwa ilionekana kuwa na vitamini A kidogo. Watu wakatumaini kwamba mambo yatakuwa kama ya surua. Majaribio yaliyofanywa Marekani na Chile, na kuchapishwa mwaka 1996, hayakuonyesha faida. Vitamini ni ile ile, umri ni ule ule, mapafu ni yale yale. Kirusi tu ndicho kilichobadilika.

Ndipo likaja jambo la korona. Mwaka 2020 madaktari wa nchi nyingi walipima damu ya wagonjwa, wakaona kwamba wengi wa waliozidiwa walikuwa na upungufu wa vitamini D, ile ambayo mwili huitengeneza kwa mwanga wa jua. Maneno yakaenea upesi kwamba vitamini D ni kinga na dawa ya korona, na maduka ya dawa yakauza vidonge vyake kwa wingi. Lakini fikiri ni mtu wa namna gani mwenye vitamini D kidogo: mzee asiyetoka nje, mtu mnene sana, mtu mwenye maradhi ya siku nyingi akaaye kitandani. Watu hao hao ndio ambao korona iliwaua zaidi. Upungufu waweza kuwa alama tu ya udhaifu wao, kama fimbo ilivyo alama ya mzee: wala kumnyang'anya fimbo hakumrudishii ujana, wala kumpa kijana fimbo hakumzeeshi.

Mjini São Paulo, Brazil, wagonjwa 240 wa korona waliolazwa hospitali waligawanywa kwa kura. Fungu moja lilipewa vitamini D yuniti 200,000 kwa mara moja, na fungu la pili dawa isiyo na kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Vitamini katika damu ya fungu la kwanza ilipanda kama ilivyotazamiwa, kupona hakukubadilika. Mafungu yote mawili yalikaa hospitali kwa siku saba, na vifo havikupunguzwa. Uingereza nako, jaribio la watu wazima wapatao 6,200, lililochapishwa mwaka 2022, halikuona kwamba kuwapima watu vitamini D na kuwapa wenye upungufu kuliwakinga na korona wala na maradhi mengine ya pumzi. Vitamini D ina kazi yake katika mifupa, na mwenye upungufu yafaa atibiwe kwa ajili hiyo. Lakini fedha zilizotumiwa na maskini kwa vidonge vya kuzuia korona zingalinunua chakula.

Kwa hiyo mzazi asichukue kanuni ya surua akaitia katika kila kikohozi. Wala asijitibie surua yenyewe kwa chupa ya dukani. Vitamini A si kama vitamini C, ambayo ikizidi hutoka kwa mkojo. Ikizidi hubaki katika ini, ikaleta kutapika, maumivu ya kichwa, na kwa mtoto mchanga uvimbe wa utosi. Na mwanamke mwenye mimba akimeza kiasi kikubwa aweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwaka 2025 surua ilipoenea katika Texas, Marekani, baadhi ya watoto waliopewa vitamini A nyumbani walionekana hospitali maini yao yakiwa na dalili za kudhuriwa. Tena vitamini haikingi surua hata kidogo. Kinga ni chanjo, ambayo katika Kenya hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na mara ya pili miezi 18.

Kwa mgonjwa wa surua kipimo cha hospitali ni hiki: mtoto chini ya miezi 6 hupewa yuniti 50,000, wa miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, aliyetimiza mwaka hupewa 200,000. Hupewa siku ya kwanza na siku ya pili. Akiwa na dalili za macho hupewa mara ya tatu baada ya wiki kadhaa, na mama wengi huikosa hiyo ya tatu kwa kuwa mtoto ameanza kucheza. Tofauti na hiyo, watoto wote wa Kenya wenye umri wa miezi 6 hadi 59 hupewa tone la vitamini A kila baada ya miezi sita, hata wakiwa wazima, ili ghala isipungue.

Chakula hujaza ghala polepole, nacho hakina hatari ya kuzidi kama dawa. Maini, mayai na maziwa yana vitamini A yenyewe. Mchicha, sukuma wiki, majani ya kunde, karoti, maboga, maembe, mapapai na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, lakini mboga zichemshwazo kwa maji matupu hutoa kidogo. Zitiwe mafuta, hata kijiko kimoja. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka mafuta ya kupikia ya viwandani yatiwe vitamini hiyo. Mtoto wa surua asinyimwe mayai wala maziwa kwa sababu ya vipele, kama wafanyavyo watu wa sehemu nyingine. Anyweshwe mara kwa mara, na aliye ziwani aendelee kunyonya. Akipumua haraka, au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akibweka akohoapo, asingojewe hadi asubuhi, bali apelekwe hospitali usiku huo huo. Na kadi yake ya kliniki ichukuliwe pamoja naye, kwa maana humo imeandikwa siku aliyopewa vitamini A mara ya mwisho.